Jinsi Mtaalamu wa Masoko wa Lubumbashi Anavyoweza Kupima Nafasi Yake ya Kupokelewa Shule ya Biashara

Mtu anayefanya kazi ya masoko katika kampuni ya simu, benki au kiwanda cha bia mjini Lubumbashi, akifikiria kusomea MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) ng'ambo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza kama shule fulani inachukua watu kama yeye. Swali hilo halina jibu, kwa sababu hakuna ofisi ya udahili inayopokea watu kwa fani yao au kwa nchi yao peke yake. Swali lenye jibu ni hili: faili lako likiwekwa mezani pamoja na mafaili ya waombaji wanaofanana nawe, linathibitisha nini ambacho mengine yanadai tu? Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu kwa utaratibu, kabla hujalipa ada ya maombi hata moja.

Ili maelezo yasielee hewani, tutamfuata mwombaji wa kubuni. Ni mwanamke wa miaka 28, mwenye licence ya usimamizi ya mfumo wa zamani kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), ambaye amefanya kazi miaka mitano katika idara ya masoko ya kampuni ya simu. Alianza kwa kusimamia mawakala wa pesa za simu katika komuni ya Katuba, na sasa anaongoza watu sita wanaohudumia mkoa wa Haut-Katanga. Kiswahili na Kifaransa anavimudu bila shida. Kiingereza chake kinatosha kusoma ripoti, lakini hajawahi kubishana nacho mkutanoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha diploma yako inasomeka ugenini

Kabla ya kupima ubora wa faili, pima kwanza kama lina ruhusa ya kupita mlangoni. Shule karibu zote hudai shahada ya kwanza iliyokamilika, na hapo Mkongomani hukutana na shida ambayo mwenzake wa Nairobi haijui. Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka mitatu akapata graduat, kisha akaongeza miwili akapata licence, yaani miaka mitano baada ya diploma ya serikali. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioenezwa katika vyuo vikuu vya nchi kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, licence ni ya miaka mitatu na hufuatwa na master ya miaka miwili. Msomaji aliyeko London au Boston hana sababu ya kujua tofauti hiyo, na asipoelezwa atamhesabia mwombaji wetu miaka mitatu badala ya mitano. Andika kwenye fomu mwaka ulioanza masomo na mwaka uliyoyamaliza, ambatisha karatasi za alama za kila mwaka, na uombe kitivo chako barua fupi inayoeleza mfumo uliosomea. Nyaraka hizo zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Aliyeishia graduat asikisie: aiandikie ofisi ya udahili, aulize waziwazi kama inaikubali, na atunze jibu.

Alama nazo zina mtego. Katika mfumo wetu wa asilimia, Distinction huanzia 70, na kila aliyepita UNILU anajua jasho linalotoka ili kuifikia. Lakini Mmarekani aliyezoea kuona 90 kwenye karatasi ya mwanafunzi mzuri ataiona 70 kuwa ya mtu wa kawaida. Usijigeuzie alama kwenda kwenye kipimo cha Marekani, kwa kuwa shule nyingi hutaka alama ibaki katika kipimo chake cha asili. Kinachosaidia ni nafasi uliyoshika darasani. Barua ya kitivo inayosema kwamba ulikuwa miongoni mwa watano wa kwanza katika promosheni ya watu mia mbili inaeleza mengi kuliko asilimia yenyewe.

Anayelenga Afrika Kusini azingatie jambo moja zaidi. Huko MBA iko katika ngazi ya 9 ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu, na anayeingia hutakiwa kuwa na sifa ya ngazi ya 8. Diploma za nje hukaguliwa na mamlaka iitwayo SAQA. Mwenye licence ya miaka mitano ana hoja nzuri ya kutetea, lakini mwenye licence ya miaka mitatu ya LMD anaweza kutakiwa kuongeza mwaka wa masomo ya uzamili kwanza.

Mwisho wa hatua hii ni majina. Sisi tuna nom, post-nom na prénom. Fomu za wenzetu zina nafasi mbili. Amua mara moja jinsi utakavyoyapanga kwa kufuata pasipoti yako, kisha yaandike vilevile kwenye mtihani, kwenye fomu na kwenye kila tafsiri. Mtihani uliosajiliwa kwa jina lisilolingana na pasipoti unaweza kukufungia mlango siku yenyewe ya kuufanya, na ada haitarudi.

Hatua ya pili: jipime kwa mtihani wa majaribio mapema

Watu wengi huandika insha kwanza na kuuacha mtihani mwisho. Ni afadhali kugeuza utaratibu huo, kwa sababu alama ya majaribio ndiyo kipimo cha kwanza kisicho na upendeleo, na haigharimu kitu: wenye GMAT, mtihani wa kuingilia unaotumiwa na shule nyingi za biashara, hutoa mitihani miwili ya mazoezi bila malipo kwenye tovuti yao.

GMAT ya sasa ilianza mwishoni mwa mwaka 2023. Ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na uchambuzi wa data wenye maswali 20. Alama ya jumla huanzia 205 na kuishia 805, na hudumu miaka mitano. Usiilinganishe na alama za zamani zilizotapakaa kwenye mazungumzo ya watu, maana 645 ya sasa inakaribia 700 ya zamani, na 685 inakaribia 740. Katika shule za juu kabisa za Marekani, kama Harvard, Stanford na Wharton, alama ya katikati au wastani wa darasa katika mtihani wa zamani ilikuwa kati ya 730 na 740. INSEAD, shule ya biashara yenye makao Ufaransa, ilizunguka 710.

Kwa anayefikiri kwa Kifaransa, mabadiliko hayo yalileta nafuu ambayo haisemwi vya kutosha. Maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi za Kiingereza, yaliyowatesa wengi wetu, yameondolewa. Sehemu ya lugha sasa hupima ufahamu wa kusoma na uchambuzi wa hoja. Jiometria nayo imeondoka kwenye hesabu. Njia nyingine ni GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili ambao shule za biashara huukubali pia, iliyofupishwa mwaka 2023 ikawa chini ya saa mbili, ambayo hupima sana msamiati mgumu. Mengi ya maneno hayo yana asili ya Kilatini, na msomaji wa Kifaransa huyatambua kwa sura. Fanya jaribio moja la kila mtihani kabla ya kuchagua, kisha baki na mmoja.

Mtu wa masoko anapaswa kuitazama alama ya hesabu peke yake, kando ya jumla. Kamati ya udahili ikisoma faili la mhandisi wa mgodi haina shaka kwamba ataweza somo la takwimu. Ikisoma faili la mtu wa matangazo, huwa na shaka hiyo, hata kama haitasema. Kwa hiyo mwombaji wa masoko mwenye jumla nzuri iliyobebwa na lugha, huku hesabu ikiwa chini ya wastani, ana faili dhaifu kuliko jumla inavyoonyesha. Dawa ni kuongeza ushahidi wa namba kutoka upande mwingine: somo la takwimu au uhasibu lenye mtihani na cheti, kwa mfano kozi ya CORe ya Harvard Business School Online, inayounganisha uchambuzi wa data, uchumi na uhasibu wa fedha.

Mitihani hii miwili hufanyika pia nyumbani kwa intaneti. Anayechagua njia hiyo Lubumbashi asitegemee umeme wa mtaa. Atafute chumba chenye betri na kibadilishi cha umeme, au jenereta iliyo mbali kiasi cha kutosikika, pamoja na laini ya pili ya intaneti ya akiba. Msimamizi anayekutazama kwa kamera hatasubiri umeme urudi Kampemba.

Kiingereza hupimwa kando, kwa IELTS au TOEFL, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Shule kubwa nyingi hutaka IELTS ya 7 au 7.5. Mwombaji wetu, aliyezoea kusoma tu, atapoteza alama kwenye kuzungumza, na hilo halirekebishwi kwa vitabu. Litamdai miezi ya kuzungumza na watu. Asiyetaka kupitia huko akumbuke kwamba HEC Montréal na Chuo Kikuu cha Laval, mkoani Québec, hufundisha MBA kwa Kifaransa. INSEAD, kwa upande wake, hudai Kiingereza pamoja na lugha ya pili, sharti ambalo huwatoa jasho Waingereza kuliko Wakongomani.

Hatua ya tatu: tenganisha ulichofanya wewe na kilichofanywa na kampuni

Hapa ndipo nafasi ya mtu wa masoko hujengwa au hubomoka, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua karatasi, uandike kazi tano kubwa ulizofanya, kila moja kwa sentensi moja. Mwombaji wetu angeandika hivi: «Niliongoza kampeni ya kuhamasisha matumizi ya pesa za simu mkoani Haut-Katanga.» Sentensi hiyo ni sahihi, na haina thamani. Kampeni nyingi zinazoonekana Lubumbashi huamuliwa Kinshasa, na nyingine huamuliwa mbali zaidi, kwenye makao makuu ya kampuni mama. Ofisi ya mkoa hupokea mabango, tarehe na bajeti. Msomaji mzoefu wa mafaili analijua hilo, na atajiuliza mara moja: huyu aliamua, au alitekeleza?

Kwa kila kazi, jibu maswali matatu. Hali ilikuwaje kabla? Ni uamuzi gani ulikuwa wako, ambao mkubwa wako au makao makuu hawakukuamuru? Na kama usingekuwepo, ni nini kisingetokea? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalolipa.

Tuseme mwombaji wetu aligundua kwamba mawakala wa Katuba walikuwa wanafunga mapema kwa sababu salio lao la fedha taslimu liliisha mchana, wakati wateja wanaotoka kazini wakianza kufika. Makao makuu yalitaka mabango zaidi. Yeye aliomba sehemu ya bajeti ya mabango itumike kuwapelekea mawakala fedha taslimu mara ya pili saa nane mchana. Alianza na Katuba mwezi wa nne, akaiacha Ruashi iendelee kama zamani hadi mwezi wa sita kwa kuwa gari lilikuwa moja. Bila kukusudia, alijipatia jaribio: komuni mbili, kampuni moja, bei zilezile, tofauti moja tu. Ikiwa miamala ya Katuba ilipanda katika miezi hiyo miwili na ya Ruashi ikabaki ilipokuwa, ana ushahidi ambao wanabenki wa New York wangeufurahia. Wengi wetu tuna mambo kama hayo kwenye kazi zetu na hatuyatambui, kwa sababu ripoti ya mwezi inataka jumla ya mkoa tu.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu wa mahali petu. Kwanza, usitumie faranga pasipo kufikiri. Thamani ya faranga ya Kongo ilishuka sana mwaka 2023, na mapato yaliyopanda kwa asilimia 30 kwa faranga katika mwaka kama huo yanaweza kuwa hayakusogea kabisa kwa dola. Tumia idadi ya wateja, miamala, kreti au akaunti. Panapobidi fedha, geuza kwa dola na useme ulitumia kiwango cha tarehe gani. Pili, tofautisha walioandikishwa na wanaotumia. Laini laki moja zilizouzwa barabarani ambazo nusu yake zimekufa baada ya mwezi si mafanikio, na aliyesoma biashara ataliuliza hilo kabla ya jingine lolote. Tatu, linda siri za mwajiri: asilimia na uwiano vinatosha, huna haja ya kutoa hesabu kamili za kampuni kwa watu wa nje.

Ukimaliza, hesabu ni kazi ngapi kati ya tano zimejibu maswali yote matatu kwa namba ambayo mtu mwingine anaweza kuithibitisha. Zikiwa tatu au zaidi, upande wa kazi una nguvu, hata kama cheo chako si kikubwa. Ikiwa ni moja, una kazi ya kufanya ofisini kabla ya kuandika insha, na mwaka mmoja wa kuchagua miradi kwa makini utakusaidia kuliko miezi mingi ya kupamba maneno. Ikiwa hakuna hata moja, chunguza kwanza kama ni kazi yenyewe isiyo na maamuzi au ni kumbukumbu zisizotunzwa. La pili hurekebishika kwa kufungua ripoti za zamani.

Hatua ya nne: miaka ya kazi

Hili ni fupi. Shule zenye ithibati ya AMBA, chama cha kimataifa kinachokagua programu za MBA, hutakiwa kupokea watu wenye uzoefu wa kazi wa miaka mitatu au zaidi baada ya shahada. Madarasa ya Harvard na Stanford yana wastani wa takriban miaka mitano, na INSEAD huwa na umri wa wastani wa karibu miaka 29. Mwombaji wetu yuko pale pale. Mwenye miaka kumi na miwili ya kazi atapimwa vizuri zaidi katika programu za watendaji, ambazo humruhusu kubaki kazini, na hapaswi kuona hilo kuwa ni kushushwa daraja. Kinachoangaliwa kuliko wingi wa miaka ni kama majukumu yameongezeka.

Hatua ya tano: chagua wa kukupendekeza, na usiandike kwa niaba yake

Shule nyingi hudai mapendekezo mawili, na hupendelea moja litoke kwa mkubwa wako wa sasa au wa karibuni. Hapa kwetu, mkubwa mwenye shughuli nyingi husema, kwa nia njema kabisa: «Andika mwenyewe, uniletee nisaini.» Kataa kwa heshima. Shule zinakataza jambo hilo, na hata zisingekataza, barua mbili zilizotoka mkono mmoja hufanana kwa mtindo, na anayesoma mamia ya barua huliona haraka.

Badala yake, mpelekee ukurasa mmoja wenye matukio manne au matano mliyoshuhudia pamoja, yenye tarehe na namba, na umwache aseme kwa maneno yake. Usimchague mkurugenzi mkuu aliyekusalimia mara mbili kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Meneja wa mkoa aliyekugombeza kwa bajeti na baadaye akakubali ulikuwa sahihi ana thamani zaidi. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza mara nyingi hutaka pendekezo kwa lugha hiyo, kwa hiyo mkubwa anayeandika Kifaransa tu atakulazimu kuuliza shule mapema ni tafsiri ya namna gani inakubalika. Ukiona huna watu wawili wanaoweza kueleza kazi yako bila kukuuliza, hicho nacho ni kipimo, na kinaonyesha pengo ambalo alama ya mtihani haitaliziba.

Hatua ya sita: jaribu lengo lako kabla kamati haijalijaribu

Watu wa masoko huandika vizuri, na uzuri huo huwaponza. Insha zao huwa na mvuto wa tangazo: kila sentensi inapanda, kila tukio linaishia ushindi, na msomaji akifika mwisho hamjui mtu bado. Stanford kwa miaka mingi imeuliza jambo gani ni la muhimu kuliko yote kwako na kwa nini. Swali kama hilo halijibiwi kwa kaulimbiu.

Lengo la kazi lipime kwa kuuliza kikwazo chake. Kusema unataka kuwa mkurugenzi wa masoko barani Afrika hakuonyeshi kwa nini unahitaji shule ya biashara, kwa sababu cheo hicho unaweza kukifikia ukibaki kazini. Lakini ukisema unataka kuanzisha kampuni ya usambazaji wa bidhaa za nyumbani kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na kwamba unajua kuuza lakini hujui kupanga mtaji unaolala siku nyingi ndani ya malori pale Kasumbalesa, wala kujadiliana na benki kuhusu mkopo wa shehena, basi masomo ya fedha na uendeshaji yanapata sababu. Kama lengo lako lote linatimizwa na master ya masoko ya mwaka mmoja, isome hiyo. Ni nafuu, na hakuna kamati itakayokushawishi vinginevyo.

Halafu zungumza na mtu aliye kwenye kazi unayoitamani. Mazungumzo hayo yatakupa maneno ambayo tovuti za shule haziwezi kukupa, na yatakusaidia kwenye usaili. INSEAD humkutanisha mwombaji na wahitimu wake wawili, na Harvard huita baadhi tu ya waombaji kwa mazungumzo ya nusu saa na mtu aliyesoma faili lote. Wasaili hawa hutambua lengo la kubuni haraka kuliko karani wa ofisi.

Hatua ya saba: soma nafasi yako kwa kila shule

Sasa una vipimo vinne mkononi: diploma na alama, mtihani, ushahidi wa kazi, na lengo lenye watu wa kulithibitisha. Viweke kando ya takwimu za darasa ambazo kila shule huchapisha.

Viwango vya jumla vya kupokea watu visikutishe wala visikuleweshe. Harvard katika miaka ya karibuni hupata maombi yanayokaribia 10,000 kwa darasa la watu wanaozidi 900 kidogo. Stanford hupata maombi zaidi ya 7,000 kwa nafasi zisizofika 450. Hizo ni nafasi za kundi zima, ambamo wamo watu walioomba kwa bahati nasibu na watu wasio na pengo lolote. Madarasa hayo pia yana watu wengi kutoka mabenki na kampuni za ushauri, kwa hiyo mtu wa masoko kutoka Kongo hashindani na umati unaofanana naye. Lakini uchache huo humfungulia masikio tu, haumpi alama.

Hukumu yangu huenda hivi. Vipimo vyote vinne vikiwa katikati ya darasa au juu yake, shule hiyo ni ya kuomba kwa matumaini ya kweli. Kimoja kikiwa chini na kuna kingine kinachokifidia moja kwa moja, kwa mfano hesabu ya wastani inayofidiwa na kozi ya takwimu na kazi iliyojaa namba, omba bila hofu lakini usiitegemee. Viwili vikiwa chini, ada ya maombi, ambayo katika shule kubwa huwa karibu dola 250, ni heri uitumie kwa kurudia mtihani.

Mwombaji wetu, akiwa na 605 kwenye GMAT, Distinction, mradi wa Katuba na wapendekezaji wawili wanaomjua, yuko mbali na Stanford, na kumwambia vinginevyo ni kumdanganya. Kwa INSEAD, alama yake iko chini lakini lugha, uongozi na ushahidi vinamsogeza. Akipanda hadi kama 645, mazungumzo yanabadilika. Kwa shule ya uzamili wa biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town au ile ya Stellenbosch, zote mbili zikiwa na ithibati tatu kubwa za kimataifa za shule za biashara, yaani AACSB, EQUIS na AMBA, ana nafasi nzuri sasa hivi, mradi diploma yake ikaguliwe mapema. HEC Montréal kwa Kifaransa ndiyo ningeiweka kuwa nguzo ya orodha yake, kwa kuwa udhaifu wake mkubwa, Kiingereza cha mdomo, unapungua uzito huko. Shule nne zinatosha; orodha ya kumi huzaa insha kumi za juujuu.

Hatua ya nane: fedha na visa

Kupokelewa bila fedha ni barua ya kuhifadhi kabatini, kwa hiyo gharama ni sehemu ya kipimo. Ada ya masomo ya Harvard pekee inazidi dola 70,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili; INSEAD, inayomalizika kwa miezi kumi, ni takriban euro 100,000. Harvard hutoa ufadhili kwa kuangalia uhitaji wa mwanafunzi, na shule nyingine hutoa kwa sifa; soma masharti ya kila shule, kwa sababu tarehe za ufadhili wakati mwingine hutangulia tarehe za udahili. Muulize pia mwajiri kama anaweza kuchangia kwa mkataba wa kurudi kazini. Hata kabla ya ada hiyo, mtihani, Kiingereza, tafsiri na maombi ya shule tatu au nne hupita dola 1,500 kwa urahisi, na malipo karibu yote hufanyika kwa kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Visa ya Marekani hushughulikiwa Kinshasa, maana yake ni tiketi ya ndege na malazi. Hesabu hiyo iingie mapema.

Hatua ya tisa: weka tarehe ya kuamua

Shule nyingi za Marekani hupokea maombi kwa duru, ya kwanza mwezi wa tisa na ya pili mwezi wa kwanza. Harvard ina hizo mbili tu. Mahali penye duru ya tatu, mwombaji wa kutoka nje aiache, kwa kuwa nafasi na ufadhili vimepungua na muda wa visa umekwisha. INSEAD huanza masomo mwezi wa kwanza na mwezi wa nane, na HEC Paris mwezi wa kwanza na wa tisa, jambo linalompa nafasi ya pili aliyechelewa miezi michache.

Kwa duru ya mwezi wa tisa, amua mwishoni mwa mwezi wa sita. Siku hiyo uwe na alama ya mtihani, au jaribio la karibuni lililo ndani ya pointi 30 za lengo lako; barua ya kitivo iwe mkononi; wapendekezaji wawe wamekubali kwa mdomo wao; na kazi tatu ziwe zimejibu maswali yale matatu. Kimoja kikikosekana, sogea hadi mwezi wa kwanza. Vikikosekana viwili, acha mwaka huo upite, mweleze mkubwa wako kwamba unataka mradi wenye bajeti na maamuzi yako mwenyewe, na anza kuandika namba za kila wiki kuanzia ule mradi utakapofunguliwa.